Hofu za kila siku baada ya miaka 70: nianzie wapi?

Bibi wa Ghorofani ameuliza:

Habari zenu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina umri wa miaka 71. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu sikuwa mtu wa kuogopaogopa. Nililea watoto wanne, nilifanya kazi ya uhasibu kwa miaka 33, na mume wangu alipofariki nilijifunza kuishi peke yangu bila manung'uniko mengi. Miezi minane iliyopita niliteleza bafuni. Sikuvunjika, wala sikuumia zaidi ya kuvilia damu pajani, lakini nilikaa sakafuni kama robo saa nikiwa nimeshika ukingo wa sinki, nikisikiliza maji yakiendelea kutiririka, huku nikijiambia kwamba nikijaribu kuinuka nitaanguka tena na safari hii hakuna atakayejua. Mwishowe niliinuka mwenyewe. Alama ya pajani ilifutika baada ya wiki mbili; hofu ndiyo iliyobaki.

Tangu siku hiyo sikogi nikiwa peke yangu nyumbani. Humsubiri binti yangu aje jioni, na siku asipokuja najipangusa kwa kitambaa. Ngazi nilizozoea kuzipanda na kuzishuka mara nne kwa siku sasa nazishuka kwa shida mara moja, na zipo siku mbili mfululizo ambazo sitoki kabisa. Hofu hiyo nayo imezaa nyingine. Simu ikilia baada ya saa tatu usiku, moyo hunienda mbio kabla sijatazama ni nani anayepiga, kwa sababu tayari nimeshaamini kuwa ni habari ya msiba. Nikisahau jina la mtu ninayemfahamu, hushinda kutwa nzima nikijiuliza kama ndio mwanzo wa kupotewa na akili. Halafu usiku huamka saa tisa, kifua kimebana na kijasho chembamba kinanitoka, na ukiniuliza ninachokiogopa saa hiyo siwezi kukutajia.

Nikiwaeleza watoto, huniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi." Binti yangu ameanza kunikataza hata kuinama kuokota kitu kilichoanguka. Najua wananipenda, na sitaki waonekane wabaya. Hata hivyo, maneno hayo hayajawahi kunipunguzia wasiwasi hata mara moja.

Ninachouliza ni hiki: je, haya ni mambo ya uzee ambayo mtu hana budi kuyavumilia, au ni maradhi yenye tiba? Na ninyi mliokwisha kupita njia hii, mlianzia wapi? Maneno ya faraja ninayo ya kutosha. Natafuta jambo ninaloweza kulifanya kesho asubuhi.

---

Mtaalamu wa Viungo (mstaafu) amejibu:

Mama, shikamoo. Nilifanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka 28, na waliokuja kwangu wengi walikuwa watu wa umri wako waliokwisha kuanguka. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na kilichonigusa zaidi ni ile robo saa uliyokaa sakafuni, kwa kuwa naamini hofu yako ilizaliwa pale, katika kutojua utainukaje, kuliko katika kuteleza kwenyewe.

Kuteleza ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyokubali kusema. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kati ya asilimia 28 na 35 ya watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea huanguka kila mwaka, na wengi wao hawapati jeraha kubwa. Kwa hiyo ulichokipata hakithibitishi kwamba mwili wako umefika mwisho. Kinachonitia mashaka ni kile kilichofuata. Mtu anayeogopa kuanguka hupunguza kutembea. Misuli ya mapaja hulegea kwa kukosa kazi, vifundo vya miguu hukakamaa, na ule uwezo wa mwili kujisawazisha mguu unapojikwaa hupotea kidogo kidogo. Hata anapotembea, hukaza mabega, huinamisha macho kwenye vidole vya miguu na kupiga hatua fupi zisizolingana, na mwendo wa namna hiyo ndio rahisi kuangusha. Hofu iliyokuja kukulinda, mama, inakusogeza karibu na kile unachokiogopa. Ndiyo maana nakuomba usikubali kukaa nayo hivi hivi.

Umeuliza ufanye nini kesho asubuhi. Ningependa ujifunze kuinuka kutoka sakafuni. Fanya zoezi hili binti yako akiwa karibu, juu ya zulia, ukiwa umevaa viatu visivyoteleza, na kama magoti au nyonga zako zina matatizo, lifanye kwanza mbele ya mtaalamu. Binti yako akusaidie kushuka taratibu hadi ulale chali. Usikurupuke kuinuka, tulia, vuta pumzi, chezesha vidole vya mikono na vya miguu, uhakikishe kwamba hakuna panapouma sana. Kisha jigeuze ubavu. Tumia mkono wa juu kusukuma sakafu hadi uegemee kiwiko cha chini, halafu jiinue uwe kwenye magoti na viganja kama mtoto anayetambaa. Tambaa hadi kwenye kiti imara kisichokuwa na magurudumu. Weka viganja vyote viwili juu ya kikalio cha kiti, leta mbele mguu ulio na nguvu zaidi ili unyayo wote ukanyage sakafu, kisha sukuma kwa mikono na mguu huo kwa pamoja, inua makalio, na ujigeuze polepole hadi ukae. Pumzika hapo dakika kadhaa kabla ya kusimama.

Nimewaona watu wazima wakitokwa na machozi mara ya kwanza walipofanikiwa kufanya hivyo, kwa maana kwa miezi mingi walikuwa wakiitazama sakafu kama shimo.

Sambamba na hilo, anza kuimarisha miguu. Egemeza kiti ukutani, keti, kisha simama na kuketi tena mara tano bila kuharakisha, asubuhi na jioni. Mwanzoni unaweza kutumia mikono, na kadiri wiki zinavyopita uipunguze. Ukizoea, simama nyuma ya kiti ukikishika, unyanyue mguu mmoja kwa sekunde kumi, kisha mwingine. Haya yanaonekana madogo, lakini mwaka 2019 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, ulichambua majaribio 108 yaliyohusisha watu zaidi ya 23,000 wenye umri mkubwa wanaoishi majumbani kwao, na ikaonekana kwamba mazoezi, hasa yale ya kujisawazisha na ya kujenga nguvu, hupunguza idadi ya maanguko kwa karibu robo.

Kuhusu bafu, mwombe fundi akufungie vyuma vya kushikilia vilivyokomelewa ukutani. Ukingo wa sinki na chuma cha kuanikia taulo havikutengenezwa kubeba uzito wa mtu. Mkeka usioteleza, kiti cha kuogea na taa inayowaka usiku pia vinafaa.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku amejibu:

Shikamoo mama. Aliyetangulia amesema vizuri sana, nami naomba niongeze jambo ambalo ningelitaka lifanyike ndani ya wiki hii: nenda ukapimwe, na umweleze daktari hofu zako kama ulivyozieleza hapa, bila kuzipunguza. Watu wengi wa umri wako humwambia daktari kuhusu goti na kukaa kimya kuhusu jakamoyo, kwa kudhani kwamba hilo si ugonjwa. Hofu inayodumu kwa miezi sita au zaidi na kumzuia mtu kulala, kuoga na kutoka nje ni hali inayotambuliwa kitabibu, na ina tiba. Umri haufuti tiba hiyo.

Kabla ya kusema ni hofu tu, mwili uchunguzwe. Presha yako ipimwe ukiwa umelala kwa dakika tano, kisha ipimwe tena baada ya kusimama dakika moja na dakika tatu. Kama namba ya juu inashuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, basi huenda kizunguzungu cha kusimama ndicho kinachokuyumbisha, na mara nyingi chanzo chake ni upungufu wa maji mwilini au dawa, zikiwemo zile za presha zenyewe. Tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, kutetemeka na kukosa usingizi, na kwa wazee dalili zake huweza kujificha. Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio humfanya mtu ahisi kitu kikipapatika kifuani. Kuna watu wanaoamshwa usiku na kukatika kwa pumzi usingizini, nao hudhani wameota jambo baya. Orodhesha pia kila dawa unayoitumia, pamoja na zile ulizonunua mwenyewe: dawa za kuzibua pua, za pumu kama salbutamoli, na za jamii ya steroidi zinaweza kuleta mapigo ya kasi na hali ya kutotulia. Kahawa na chai kali za jioni nazo zimo.

Naomba nisisitize hapa. Kifua kikibana na maumivu yakaenda mkononi, mgongoni au kwenye taya, au ukatokwa na jasho baridi, ukakosa pumzi au ukahisi kuzimia, usikae ukijiambia kwamba ni wasiwasi wa kawaida. Tafuta msaada wa dharura saa hiyo hiyo. Kwa wanawake, kwa wenye kisukari na kwa watu wa umri mkubwa, mshtuko wa moyo huweza kuja bila yale maumivu makali yanayozungumzwa sana. Nimekesha wodini miaka mingi, na walionihuzunisha kuliko wote ni wale waliosubiri kupambazuke ili wasimsumbue mtu.

Jambo la mwisho ni dawa za kutuliza na za usingizi. Utaambiwa na jirani au ndugu kwamba kidonge kimoja cha diazepamu kitamaliza kila kitu. Dawa za kundi hilo hukaa muda mrefu zaidi katika mwili wa mtu mzee, humlegeza, humchanganya akili na kumwongezea hatari ya kuanguka. Zimo katika orodha ya tahadhari kwa wazee iliyoanzishwa mwaka 1991 na daktari Mmarekani Mark Beers, ambayo bado inahuishwa na kutumiwa hadi leo. Kama tayari unazitumia, usizikatize ghafla, kwa kuwa kukatiza ghafla kunaweza kuleta hata degedege. Daktari akupunguzie hatua kwa hatua. Zipo dawa nyingine zinazofaa zaidi, na yapo matibabu ya mazungumzo ambayo hayana kidonge kabisa.

---

Mzee wa Daftari amejibu:

Dada yangu, mimi nina miaka 78 na si mtaalamu wa chochote kinachohusu afya. Nakujibu kuhusu simu na kuhusu kusahau, kwa kuwa hayo mawili yaliwahi kunitesa karibu miaka miwili.

Nilikuwa na hakika kwamba kila simu ya usiku ilikuwa ya kifo. Mjukuu wangu mmoja alinishauri niandike. Nikachukua daftari la shule, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto niliandika nilichokiogopa pale simu ilipoanza kulia, kabla ya kuipokea, na upande wa kulia nikaandika ilichokuwa kweli. Kwa miezi mitatu niliandika simu 41. Upande wa kushoto karibu kila mstari ulikuwa na neno msiba au ajali. Upande wa kulia kulikuwa na watu waliokosea namba, mwanangu aliyesahau tofauti ya saa huko aliko, mtu wa kuuliza ratiba ya mkutano, na mara kadhaa simu iliyokatika. Habari mbaya ilikuwa moja: kaka yangu alikuwa amelazwa. Mstari ule ndio ulionifundisha zaidi ya ile 40, kwa sababu nilipousoma tena baadaye niligundua kwamba usiku ule nilivaa, nikapiga simu zilizotakiwa, nikapanga nani aende hospitali, na mikono yangu haikutetemeka. Niliyeogopa miezi yote ile na niliyepokea habari yenyewe ni kama walikuwa watu wawili tofauti.

Mashaka ya saa tisa ya usiku niliyapangia muda wake. Kila siku saa kumi jioni nilikaa nusu saa mezani, nikaandika yote yanayonisumbua na kuyafikiria kwa makusudi, yakinijia usiku nilijiambia, "Hili nitalishughulikia saa kumi." Nilidhani ni ujanja wa mjukuu wangu, kumbe ni mbinu iliyoelezwa mwaka 1983 na Thomas Borkovec na wenzake huko Marekani. Wiki ya kwanza haikunisaidia chochote. Wiki ya tatu nilianza kulala tena baada ya kuamka. Zaidi ya hayo nilikubali kwamba usingizi wa mtu wa miaka 78 ni mwepesi kuliko wa kijana, na kuamka mara moja au mbili usiku si ishara ya balaa.

Kuhusu majina, mimi pia nilishawishika kwamba akili inaniacha. Nilipokwenda kupimwa, mama mmoja aliyekuwa akinihoji aliniambia jambo ambalo nimelishika. Kusahau mahali ulipoweka funguo kunampata kila mtu. Kinachostahili kuchunguzwa haraka ni mtu kuzishika funguo mkononi na kutojua ni za kazi gani, au kupotea katika njia aliyoipita miaka yote, au kurudia swali lile lile mara kwa mara bila kukumbuka kwamba amejibiwa. Jina linalokataa kuja sasa hivi, kisha likaja lenyewe wakati unakunja nguo, kwa kawaida halimo katika kundi hilo. Akaniambia pia kwamba wasiwasi wenyewe hula umakini, na kitu ambacho hukukizingatia kikiingia huwezi kukikumbuka baadaye.

Vipimo vilionyesha kwamba nilikuwa sisikii vizuri sikio la kulia. Majina mengi niliyodhani nimeyasahau kumbe sikuyasikia tangu mwanzo! Pima masikio, dada. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, iliweka upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ambayo yanaweza kushughulikiwa, kwa hiyo kifaa cha kusikia kina faida kuliko kuongeza sauti ya redio tu.

---

Binti wa Pili amejibu:

Shikamoo mama, shikamooni wazee wote mlioandika hapo juu.

Naandika kwa ajili ya binti yako, iwapo atapita hapa. Baba yangu alipoanguka, mimi na ndugu zangu tulikubaliana kwamba asifanye jambo lolote peke yake. Tulimletea kila kitu alipoketi, tulimshika mkono hata kutoka chumbani hadi sebuleni, na tulijiona watoto wema. Baada ya miezi mitatu hakuweza kunyanyuka kwenye kiti bila kuvutwa, na alikuwa amekuwa mkimya. Siku moja alinitazama nikimfunga kamba za viatu, akasema, "Ninyi mnaogopa kuliko mimi." Ilikuwa kweli. Woga ulikuwa wetu, na tulikuwa tumemvisha yeye.

Tulibadilika polepole. Maneno ya "usiwe na wasiwasi" tuliyaacha, tukawa tunamuuliza: "Unaogopa nini hasa, na ungependa nisimame wapi ukijaribu?" Mara nyingine alitaka nisimame mlangoni, mara nyingine alitaka niwe chumba cha pili, na siku moja alitaka nitoke kabisa. Kukaa chumba cha pili nikisikiliza hatua zake kulinitesa, sitakudanganya, lakini lilikuwa jukumu langu kuuvumilia woga wangu mwenyewe.

---

Bibi wa Ghorofani ameandika tena, baada ya wiki tano:

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kuchelewa kurudi; nilitaka nirudi nikiwa na la kusema.

Nilipimwa. Presha yangu ilishuka kwa 24 niliposimama. Daktari alibadilisha kipimo cha dawa moja, akaniagiza ninywe maji ya kutosha mchana na niketi ukingoni mwa kitanda kwa dakika mbili kabla ya kusimama. Thairoidi na moyo havikuwa na tatizo. Kule kubanwa kifua usiku kumepungua, ingawa hakujaisha. Binti yangu ameyasoma majibu yenu yote, na tulifanya zoezi la kuinuka sakafuni mara sita. Mara ya kwanza nilishindwa kujigeuza ubavu kwa kuwa nilibana pumzi, tukacheka sote wawili, kisha nikalia. Mara ya nne niliinuka bila yeye kunigusa. Daftari nimeanza nalo. Lina simu 17 hadi sasa na hakuna hata moja ya msiba. Ngazi nazishuka mara mbili kwa siku.

Linalonishinda ni bafu. Vyuma vimefungwa, mkeka upo, kiti kipo. Akili yangu inakubali kabisa kwamba pako salama. Lakini nikiwa peke yangu nikanyoosha mkono kufungua bomba, mkono unakataa, moyo unadunda hadi masikioni, nami natoka. Nimejaribu mara nne, na kila ninapotoka najisikia nafuu kubwa, halafu siku inayofuata inakuwa ngumu zaidi. Kwa nini?

---

Mshauri Nasaha amejibu:

Mama, umelijibu swali lako katika sentensi yako ya mwisho kabla ya kuliuliza. Ile nafuu unayoipata unapotoka ndiyo inayoilisha hofu. Mwili hupima kwa matendo: uliingia, moyo ukadunda, ukakimbia, ukapona, basi mwili unahitimisha kwamba umepona kwa sababu ulikimbia. Akili yako inaweza kukubali kwamba bafu ni salama, lakini sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari haijapata nafasi ya kuliona hilo yenyewe, kwa kuwa kila mara unaondoka kengele ikiwa bado inalia.

Kuna njia ya kuipa nafasi hiyo, nayo ni kupanda ngazi ya hofu. Mwanzilishi wake anayefahamika zaidi ni Joseph Wolpe, tabibu mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeieleza kwa kirefu mwaka 1958: mtu huorodhesha anayoyaogopa kuanzia lililo jepesi hadi lililo zito, na kuyakabili moja baada ya jingine. Yeye aliambatanisha kila hatua na kulegeza mwili. Wengi wetu siku hizi tunasisitiza zaidi kubaki mahali pale hadi hofu ishuke yenyewe. Hofu kali ya ghafla kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha huanza kuteremka hata usipofanya lolote.

Kwa hiyo usianze na bomba. Ingia bafuni ukiwa umevaa nguo zako, sakafu ikiwa kavu, simu ikiwa mfukoni au ikining'inia shingoni, ukae kwenye kile kiti. Ipe hofu yako namba kati ya 0 na 100. Pumua kwa utulivu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, ukae hadi namba ishuke angalau kwa nusu, hata kama itachukua dakika 25. Rudia hatua hiyo siku kadhaa hadi ikuchoshe. Ukiona inakuchosha ujue imekwisha kazi. Hatua inayofuata, fungua bomba uloweshe miguu pekee, bado umeketi. Halafu uoge binti yako akiwa sebuleni. Halafu akiwa nje ya jengo, akisubiri umpigie. Halafu ukiwa peke yako, na umekubaliana naye saa ya kumtumia ujumbe kwamba umemaliza. Hatua yoyote ikiwa ndefu mno, igawanye katikati. Ukizidiwa ukatoka, rudi siku hiyo hiyo kwenye hatua ya chini yake, ili siku isifungwe kwa kukimbia.

Kubaki na simu karibu hakuharibu zoezi, kwa mtu anayeishi peke yake ni busara, na ni vema iwe mahali unapoweza kuifikia hata ukiwa sakafuni. Na kama baada ya wiki nne au tano hujapiga hatua, omba kuonana na mwanasaikolojia. Kuwa na mtu wa kukaa nawe katika zoezi hili hurahisisha mambo sana.

---

Bibi wa Ghorofani ameandika:

Leo nimekaa kwenye kiti, nikiwa na nguo zangu, mlango umefungwa, nyumba nzima hakuna mtu. Namba ilianza 80. Nilitaka kutoka ilipofika dakika ya sita. Nilihesabu vigae vya ukuta ulio mbele yangu, vipo 54 na kimoja kina ufa ambao sikuwahi kuuona kwa miaka yote niliyoishi hapa. Dakika ya 19 namba ilikuwa 35. Nilikaa dakika tano zaidi kwa hiari yangu. Kesho nitarudia hatua hii hii, na bomba nitaliacha hadi wiki ijayo.